Waliofuata Maji Mto wa Mbu

Kutoka Arusha hadi Makuyuni, kilomita 80 hivi kwa barabara ya Dodoma, nchi ni ya nyasi fupi, maboma ya Wamasai na ng'ombe wanaotimua vumbi. Makuyuni gari linakata kulia, na ukavu ni uleule mpaka ukuta wa Bonde la Ufa unapoinuka mbele ya kioo. Chini ya ukuta huo rangi ya nchi inageuka ghafla: migomba, michikichi, majaruba ya mpunga yanayomeremeta maji. Anayepita mara ya kwanza hudhani ameingia msituni. Kumbe ni mji, Mto wa Mbu, wilaya ya Monduli.

Maji ndiyo yaliyouleta. Mvua inayonyesha juu kwenye nyanda za Ngorongoro hunywewa na miamba ya volkano, husafiri chini kwa chini, kisha hutokeza kwenye chemchemi na vijito miguuni mwa ukuta. Maji hayo ndiyo yanayolisha msitu mnene ulioko langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa 1960, na ndiyo yanayostawisha mpunga mahali ambapo, ukisogea kidogo tu mashariki, hata mtama ni wa kubahatisha. Ziwa lenyewe ni la magadi. Halinyweki wala halimwagilii shamba. Basi mji umekaa kati ya maji ya magadi na maji baridi, na watu wake, watokao kote, wamekuja kwa ajili ya hayo baridi.

Nilikuwa nimesikia, kama alivyosikia kila mtu aliyewahi kupita kaskazini, kwamba Mto wa Mbu yamo makabila yote 120 ya Tanzania. Waongoza watalii husema hivyo kwa uhakika mkubwa. Sikwenda kuyahesabu, maana hesabu hiyo haina pa kushikia: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao, na tangu hapo tumehesabiwa kwa umri, jinsia, elimu, kazi na makazi. Nilichotaka kujua ni kingine. Watu waliotoka pande zote wakakaa pamoja kwa karibu miaka mia, sasa wamekuwa akina nani? Na leo anaingia nani?

Asubuhi nilianzia stendi, kwa mama ntilie aliyepanga masufuria yake chini ya mwembe. Palikuwa na mtori, makande, wali maharage, ugali na mlenda, na ndoo ya loshoro iliyofunikwa. Masufuria yale peke yake yalikuwa ramani ya kaskazini na kati: mtori wa Kilimanjaro, mlenda wa Singida na Kondoa, loshoro ya Wamasai, Waarusha na Wameru. Lakini waliokaa kwenye mabenchi hawakuifuata ramani hiyo. Mmasai mwenye lubega alikuwa anakula wali maharage, na kijana wa Kimbulu aliyekaa kando yangu alimaliza mtori, akaomba kuongezewa.

"Wewe kaka ni mtu wa wapi?" mama akaniuliza.

"Tanga, mama."

"Tanga ni kubwa. Kabila?"

Nikamwambia Msambaa. Akaridhika, kisha akanipa nasaba yake bila kuulizwa: baba Mnyaturu, mama Mpare wa Same, mume Mchaga wa Kibosho. "Nimeolewa na mtani wangu," alisema, maana Wapare na Wachaga hutaniana tangu zamani. Watoto wake, kwa kuwa ukoo wa Kichaga hufuata baba, ni Wachaga. Kichaga hawakijui. Kinyaturu wanajua salamu, Kipare wanajua matusi waliyofundishwa na bibi yao. Alisema haya bila huzuni, huku akipakua, na mteja mwingine akadakia kwamba kwake yeye hali ni hiyohiyo, isipokuwa mke ni Mmbugwe.

Mazungumzo ya namna hii niliyasikia kila nilipokaa. Katika miji mingi ya Tanzania watu huulizana kabila ili kujua mtu ni wa upande gani, nyumbani kwao kuna nini, wana ndugu gani wanaofahamiana. Hapa jibu huja na matawi. Mtu akianza kujieleza, unakuwa umekwisha sikia nusu ya mikoa ya nchi kabla hajafika kwa wakwe.

Kitongoji cha Majengo ni cha zamani, nyumba zimekaribiana, vibaraza vya saruji, miembe mikubwa. Huko nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Kirangi ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuja. Nilimkuta barazani amevaa kofia ya kufuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Umetumwa na serikali?"

Nilipomweleza shughuli yangu alitulia, akaanza kwa mguu, yaani kwa safari ya mguu aliyoifanya baba yake kutoka Kondoa enzi za Mwingereza, akimfuata kaka aliyekuwa ametangulia. Waliposhuka bondeni walikuta nchi tambarare yenye mito, nyasi ndefu na mbu wasiohesabika. Jioni walichoma kinyesi cha ng'ombe ili moshi uwape usingizi. Malaria iliua watoto wengi. Mzee aliwataja wadogo zake wawili waliokufa kabla hawajaota meno, akawataja kwa majina, kisha akaendelea.

Kabla ya miaka ya 1920 hapakuwa na mji. Wamasai walileta mifugo yao kwenye maji haya kiangazi, na mvua zikinyesha wakaondoka kwenda nyanda za juu na mbugani. Waliohamia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wakulima: Warangi kutoka Kondoa, Wambugwe kutoka upande wa pili wa ziwa, Wairaqw waliokuwa wakiteremka ukuta kutoka Mbulu, Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida, Wagogo, Wasandawe. Baadhi walikuwa wamemaliza mikataba kwenye mashamba ya walowezi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza kushughulikia umwagiliaji, na hapo ndipo mlango ulipofunguka hasa. Wachaga, ambao vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, huko Kilimanjaro vilikuwa vimeanza kuwabana, walikuja na migomba na ujuzi wa mifongo, mifereji ya kwao inayoteremsha maji mlimani. Waha walitoka mbali sana, Kigoma, wakaja na michikichi yao, na mpaka leo kuna watu mjini hapa wanaokamua mawese. Baadaye, utalii uliposhika kasi, wakaja wachongaji wa Kimakonde kutoka kusini.

Kilugha, mchanganyiko huo ni jambo la pekee. Kaskazini ya kati ya Tanzania ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako lugha za makundi manne yasiyo na asili moja hukutana: za Kibantu, za Kikushi kama Kiiraqw, za Kiniloti kama Kimasai na Kidatoga, na zile zenye vidoko kama Kisandawe na Kihadza. Mjini hapa wasemaji wa makundi hayo wamegawana ukuta wa nyumba. Kilichowawezesha kusikilizana ni Kiswahili, na hakikuwa cha kulazimishwa. Shule za msingi nchini kote zilifundisha kwa Kiswahili tangu 1967, lakini watu wa hapa walikuwa wamekwisha kukihitaji muda mrefu kabla ya hapo, sokoni, mferejini na chumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja mtaalamu wa Kimarekani wa elimu ya jamii na utamaduni, William Arens, akaishi hapa kwa ajili ya utafiti. Kitabu chake kuhusu Mto wa Mbu kilitoka 1979. Alichokiona kilimshangaza: wakazi waliotoka makabila mengi kiasi hicho walijitambulisha kuwa Waswahili. Hawakuwa na nasaba ya pwani, na wengi hawakuwahi kuiona bahari. Walimaanisha watu wanaolima, wanaokaa mjini pamoja na wasio ndugu zao, wanaoongea lugha ya wote na wanaoishi kwa desturi za mji. Walimaanisha pia kwamba wao si Wamasai. Nitalirudia hilo, kwa sababu ndilo linalobadilika kuliko yote. (Arens huyohuyo alisimulia katika kitabu chake kingine jinsi alivyoshukiwa na wenyeji wake wa Tanzania kuwa mchinja-chinja, mnyonya damu. Nilipomwuliza mzee wa Majengo kama anamkumbuka Mzungu wa wakati huo, alisema Wazungu walipita wengi.)

Mchana kijana mmoja wa Migombani alinipeleka mashambani. Migomba ya hapa ni ya aina nyingi, na ndizi nyekundu, zile nene zenye harufu nzuri, ndizo wapitao barabarani husimama kuzinunua. Tulivuka vijifereji kwa kuruka, tukatokea kwenye majaruba. Hapo ndipo nilipouelewa mji huu, kuliko nilivyouelewa kwa nasaba zote nilizosikia stendi.

Mfereji mkuu hutoka juu, karibu na ukuta wa bonde. Kutoka hapo hugawanyika, na kila tawi lina matoleo yake, na kila toleo lina zamu. Zamu inaweza kuangukia saa nane za usiku, na mwenye shamba lazima awepo na jembe na tochi, afungue, alinde, afunge. Akilala, maji yanampita. Akifungua isiyo zamu yake, ameiba, na kamati itamtoza faini. Kwa kuwa mashamba yalipatikana kidogo kidogo, kwa miaka mingi, kwa kupewa, kununua na kurithi, walio kwenye tawi moja hawakupangwa kwa makabila. Jirani wa juu ni Mwiraqw, wa chini Mchaga, anayefuata mjane wa Kirangi, na mwisho wa mfereji kijana wa Kinyiramba aliyekodi. Yule wa mwisho atapata maji ikiwa tu wote watatu wa juu yake watamwachia.

"Hapa ugomvi wa kabila sijauona," kijana alisema. "Ugomvi wa wa juu na wa chini, huo upo."

Nilimwamini. Kiangazi, chemchemi zikipungua, watu wa juu huonekana wabinafsi na watu wa chini huonekana walalamishi, na lawama hizo humwangukia mtu kwa mahali shamba lake lilipo. Kamati ya maji ninayoisema nilikaa nayo chini ya mti, wanawake wawili na wanaume kadhaa, na katika ubishi mrefu kuhusu toleo moja lililobomolewa sikusikia kabila likitajwa hata mara moja. Walitaja tu jina la tawi na saa. Watu wanaojiuliza jinsi nchi yenye makabila mengi inavyoweza kukaa bila kuchinjana wangefaidika kukaa pale mchana mmoja wa kiangazi.

Sitaki kuwafanya watu wa Mto wa Mbu malaika. Ardhi huibiwa hapa kama kwingine, na mjane hunyang'anywa jaruba na shemeji zake. Ila makundi yanayogombana hayapangwi kwa ukoo wa mbali, na hilo limefanyika kwa kazi ya kila usiku, bila semina.

Nilirudi kwa mzee jioni. Nilimwuliza ni lini hasa baba yake aliacha kuwa mtu wa Kondoa akawa mtu wa Mto wa Mbu. Hakunitajia mwaka. Alichukua bakora yake, akaniongoza mpaka makaburini.

Warangi wale walikuwa Waislamu, nao Waislamu huzika mapema, siku ileile ikiwezekana, na Kondoa ilikuwa safari ya siku nyingi kwa mguu. Waliofia hapa walizikwa hapa tangu mwanzo, wakiwemo wale watoto wawili. Kwa hiyo Warangi walishika mizizi mapema. Mzee alinionyesha kaburi la baba yake, la mama yake, la kaka zake, na mahali ambapo yeye atawekwa. "Kondoa nina mashamba ya urithi," alisema. "Nimewaachia waliobaki. Nitayadai vipi nami wafu wangu wako hapa?"

Kwa Wachaga mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mchaga anaweza kuishi popote, akajenga, akasomesha, akaheshimika, lakini akifa mwili husafirishwa kwenda kihambani, alikozikwa baba yake na babu yake. Nyumba ya mjini ni ya kuishi. Kihamba ndicho cha kulala. Kwa miongo mingi, kila msiba wa Mchaga Mto wa Mbu ulimalizika kwa basi la kukodi kuelekea Moshi, na daftari la michango likizungushwa mji mzima ili kulipia safari hiyo. Mama ntilie aliniambia baba mkwe wake alikaa Mto wa Mbu zaidi ya miaka 40 na hakuna hata alama moja mjini inayoonyesha kwamba aliwahi kuwepo.

Sasa hilo linavunjika. Siku nilizokuwa huko nilihudhuria mazishi ya Mchaga mmoja, mkulima wa ndizi, aliyezikwa shambani mwake, mita chache kutoka mferejini. Haikuwa rahisi. Kaka mkubwa alikuja kutoka Rombo akitaka mwili, na usiku kucha chini ya turubai wazee walizungumza. Watoto walisema baba aliagiza azikwe alikopanda migomba kwa mikono yake. Walisema pia, kwa upole lakini wakarudia, kwamba kihamba kimegawanywa mpaka hakina pa kumegwa tena, na kwamba wao hawatapata nauli ya kwenda kusafisha kaburi kila mwaka. Wakwe, ambao ni Wairaqw, walikaa kimya mpaka walipoulizwa, kisha wakawaunga mkono watoto. Alfajiri kaka mkubwa alikubali kwa sharti kwamba udongo kutoka Rombo uletwe, uchanganywe.

Kesho yake mchana, jeneza likiwa tayari kushushwa, mtani mmoja wa Kipare aliruka akaketi kaburini, akakataa kutoka mpaka alipwe, akisema hawezi kuruhusu Mchaga aharibu shamba zuri. Watu waliokuwa wakilia walicheka huku wakitokwa machozi, wakamtupia noti mpaka akatoka. Yule kaka kutoka Rombo alicheka kuliko wote. Aliyeongoza ibada alikuwa Mluteri, waliochimba kaburi walikuwa vijana wa mtaa, wengi wao Waislamu, na udongo uliopanguswa mikononi mwao ulikuwa wa hapahapa.

Nikiulizwa idadi ya watu wa Mto wa Mbu inabadilika vipi, ningependa kuanzia hapo kabla ya takwimu za waliozaliwa na waliohamia. Mji unapata wakazi wa kudumu kila familia inapoamua kuzika.

Nilisema nitarudi kwa Wamasai. Kwa muda mrefu mpaka mkali wa mji huu ulikuwa kati ya wenye majembe na wenye ng'ombe. Wamasai walikuja sokoni, wakauza mbuzi, wakanunua mahindi, sukari na shanga, wakaondoka jua likiwa bado juu. Hakuna aliyewaita wageni, wala hakuna aliyewaona kuwa sehemu ya mji. Na hili linauma ukilitazama kwa upande wao, maana maji haya yalikuwa yao ya kiangazi. Upande mmoja yalizungukwa na mashamba, upande mwingine yakawa ndani ya hifadhi, na hadithi ya mji wa makabila mengi inaposimuliwa, wao huwekwa pembeni kama pambo la mandhari, ilhali ndio waliokuwa na nchi hii kabla haijawa na jina la mji.

Sasa wanaingia, na wanaingia kukaa. Ukame wa 2009 uliua mifugo mingi sana Monduli, Longido na Ngorongoro, na familia nyingi hazikuwahi kurudi zilipokuwa. Malisho yamekatwakatwa kwa mashamba na makazi. Vijana wa kiume walitangulia kuja kama walinzi wa usiku kwenye maduka na kambi za watalii. Wanawake wakafuata na shanga, maziwa na dawa za miti shamba. Wengine wakapanga chumba, kisha wakanunua kiwanja.

Upande wa Kigongoni nilikaribishwa chai na mama mmoja wa Kimasai aliyejenga nyumba ya matofali na bati, vyumba viwili, choo nje. Wanawe wawili wa kiume wako na ng'ombe waliobaki, upande wa Esilalei. Binti zake wanasoma hapa. Alianza na meza ya shanga, sasa ana duka la unga na mafuta ya kupikia, na wateja wake ni wa kila namna.

"Zamani tulikuwa tunawaita hawa watu wa mji ilmeek," alisema, yaani wasio Wamasai. "Sasa binti yangu anataka kuolewa na mmoja." Alisema mume wake bado anatafakari, na kwamba yeye mwenyewe amekwisha kutafakari. Nilipomwuliza amefikia wapi, aliniongezea chai. Kijana mwenyewe ni Mrangi, fundi pikipiki, na alikuwa amekwisha kuelezwa ni ng'ombe wangapi.

Binti huyo nilimwona akitoka shule. Kimasai anakisema na mama yake, Kiswahili na kila mtu mwingine, na Kiswahili chake ni cha Mto wa Mbu, chenye sauti ya juu mwishoni mwa swali. Yeye na kijana wake wakioana, watoto wao watazaliwa kwenye kizazi ambacho ule mpaka aliouona Arens hautakuwa na maana kwao. Sijui kama mzee wa Majengo angekubali kwamba hao nao ni Waswahili. Nadhani wao hawatamwuliza.

Utalii nao umeleta watu, ingawa namna unavyouonyesha mji hainifurahishi. Katikati ya miaka ya 1990 ulianza mpango wa utalii wa utamaduni, ukisaidiwa na shirika la Waholanzi la SNV, na ulikuwa wazo zuri: magari yanayokimbilia Ngorongoro yasimame, wageni watembee mashambani, fedha ibaki kijijini. Barabara ya lami ya kutoka Makuyuni, iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaongeza magari. Leo mgeni hupelekwa kwa Mchaga anayepika mbege, kwa Mmakonde anayechonga mpingo, kwa wachoraji wa Tingatinga, kisha boma la Wamasai. Kila kabila limepewa kazi moja na kibanda chake. Mgeni anaondoka akiamini ameona makabila yakiishi kando kando, na kile kilicho cha ajabu hasa, kwamba mke wa mchongaji ni Mwiraqw na mpika mbege ni binti wa Mnyaturu, hakimo katika ratiba. Ningependa siku moja wageni wapelekwe kwenye kikao cha kamati ya maji.

Mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, kambi zilibaki tupu na vijana wengi wakarudi kwenye majaruba ya wazazi wao. Ikaonekana wazi kilichokuwa kinaulisha mji. Watalii wamerejea, na pamoja nao wanunuzi wa ardhi kutoka Arusha na Dar es Salaam. Jaruba lililokuwa likitoa mpunga linazungushiwa ukuta na kuwa nyumba ya wageni. Mwenye ardhi hana kosa kuuza anapopewa fedha asizoziona maishani, lakini anayenunua hakai hapa, haji zamu ya usiku, hazikwi hapa. Yeye ni mgeni asiyefuata maji ya kulimia wala mahali pa kuishi, na mji haujapata namna ya kumfanya awe wake.

Na maji yenyewe yanasumbua. Miteremko ya juu imelimwa sana, kwa hiyo mvua kubwa hushusha matope yanayojaza mifereji na kufurika mitaani, kisha kiangazi kinakuwa kikali. Kaskazini, ukifuata ukuta wa bonde kwa barabara ya Ziwa Natron, kuna Engaruka, magofu ya mashamba ya umwagiliaji yenye mifereji na matuta ya mawe yaliyotanda kilomita za mraba nyingi. Watu waliishi pale kwa karne kadhaa, wakaondoka karne ya 18 au karibu na hapo. Watafiti bado wanabishana walikuwa akina nani na kwa nini waliondoka, ingawa kupungua kwa maji hutajwa mara kwa mara. Nilitembea juu ya mawe yale na mwenyeji wa Kimasai. Kuta za mifereji bado zimenyooka.

Siku ya kuondoka nilipita tena kwenye ofisi ya kamati ya maji kuaga. Nilimkuta kijana wa Kisonjo, kutoka upande wa Loliondo, ameketi na begi lake miguuni. Wasonjo ni wakulima wa umwagiliaji tangu enzi na enzi, wenye sheria kali za maji, na huyu alikuwa amefika na asali ya kuuza, akaiona nchi, akaipenda. Alitaka shamba.

Katibu alimwambia ukweli: shamba la kugawiwa halipo, limekwisha zamani. La kununua bei yake haifikiki. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kigogo ambaye wanawe wamehamia Arusha na ana jaruba asiloliweza peke yake, mwisho wa tawi la tatu.

"Mwisho?" kijana aliuliza. "Maji yanafika?"

"Yakiachiwa yanafika."

"Kwetu wa mwisho ndiye anayepewa kwanza kiangazi," kijana alisema, "maana ndiye ataona njaa mapema." Wanakamati walitazamana, mmoja akataka kujua wanafanyaje, na kijana akavuta stuli, akaanza kuchora chini kwa kidole mifereji ya kwao. Katibu alimwagiza mtu akamwite yule mama wa Kigogo waje wazungumze kodi. Noah ya Arusha ilikuwa inapiga honi barabarani, nikawaacha wakibishana kama utaratibu huo unawezekana kwenye tawi lenye watu wengi hivi.